Dirisha Lililochelewa

Katika vijiji vya Wilaya ya Mkinga, kuanzia Horohoro mpakani hadi kando ya bahari, neno "dirisha" lina maana mbili. Ya kwanza ni ile ya nyumba. Ya pili ililetwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Dirisha ni kipindi cha malipo, ambacho kwa utaratibu kilipangwa kuja kila baada ya miezi miwili. Watu wakisema "dirisha limefunguliwa", ujue kwamba kesho yake ofisi ya kijiji itajaa kina mama wenye vitambulisho vilivyofungwa kwenye ncha ya kanga, na wazee walioamka alfajiri kutoka vitongoji vya mbali.

Nataka kuandika juu ya dirisha lisipofunguka kwa wakati wake. Jambo hili linaonekana dogo kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi au akiba benki. Fedha ikichelewa wiki sita, yeye husema, "Si itakuja tu?" Lakini kanisa linayo historia ndefu ya kushughulika na swali hili, tangu Yerusalemu ya mitume. Tukiisoma historia hiyo kwa makini tutaona jambo moja linalojirudia: siku za maskini huhesabiwa kwa ukali, bali siku za yule anayepaswa kumpa hazihesabiwi na mtu. Nami naamini kwamba haki huanza pale ambapo siku za mtoaji nazo zinahesabiwa.

Meza ya Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatuonyesha kanisa changa likiwa na huduma ya chakula kwa wajane. Luka anataja kwamba huduma ile ilikuwa ya kila siku. Wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa, na watu wao wakanung'unika.

Tazama mitume walivyofanya. Hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba kulalamika ni kukosa imani, wala hawakuwaomba wajane wangoje mpaka jambo lichunguzwe. Waliuangalia utaratibu wao wenyewe, wakakiri kwamba umewazidi, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wausimamie. Majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Wataalamu wengi wa Biblia wanaona hapo dalili kwamba kanisa liliikabidhi kazi kwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukiumia.

Mtu anaweza kuuliza, je, hawakuwa na uhakiki? Walikuwa nao. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, tunasoma juu ya orodha ya wajane, na masharti yake yametajwa: umri usiopungua miaka 60, mwenendo mwema, na kutokuwa na ndugu wa kumtunza. Kwa hiyo, kuandikisha wahitaji na kuwachuja si dhambi, na wala hakukubuniwa na serikali za leo. Kanisa lilifanya hivyo mapema kabisa kwa sababu mali ilikuwa ndogo na wahitaji wengi. Tunachopaswa kuuliza ni nini kinatokea kwa mjane wa kweli wakati orodha inapitiwa. Je, anaendelea kula?

Torati ilikuwa imekwisha kujibu swali linalofanana na hilo kuhusu ujira. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijazama. Sababu iliyotolewa pale ni ya kibinadamu kabisa: ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Nayo Mithali 3:27-28 inamkataza mtu kumwambia jirani yake aende akarudi kesho, ilhali anacho cha kumpa leo. Maandiko hayakuridhika kuagiza maskini apewe. Yaliweka na muda.

Sanduku la Leisnig

Sisi Walutheri tunapenda kukumbuka mwaka 1517 na zile hoja 95. Ni wachache wanaokumbuka mwaka 1523 na mji mdogo wa Leisnig katika Saksonia. Wakristo wa mji ule, baada ya kuipokea Injili, walijiuliza mali ya kanisa iliyokuwa imekusanyika kwa karne nyingi itumikeje sasa. Waliandika kanuni za sanduku la pamoja, na Martin Luther akaziandikia utangulizi na kuzipeleka kuchapwa.

Kanuni zile zinamshangaza hata mtunza hazina wa leo. Wasimamizi walikuwa 10: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu wenyeji wa mji wa kawaida, na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi kati ya hayo manne lilishika ufunguo wake, hivyo hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Hesabu zilisomwa mbele ya watu wote mara tatu kwa mwaka.

Zaidi ya hayo yote, wasimamizi walipangiwa siku na saa. Walipaswa kukutana kila Jumapili, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, kushughulikia mambo ya sanduku na ya wahitaji. Mwenye shida hakuwa na haja ya kuuliza watakaa lini, kwa sababu Jumapili ilikuwa inajulikana na kila mtu.

Tena sanduku lile halikuwa la yatima, wagonjwa na wazee peke yao. Lilikumbuka pia watu tunaokutana nao kila siku huku kwetu: fundi na mkulima anayefanya kazi kwa mikono yake, lakini kazi haitoshi kulisha nyumba. Huyo alipaswa kukopeshwa ili asimame tena, na asipoweza kurudisha kwa sababu ya shida ya kweli, alisamehewa. Miaka 500 iliyopita Walutheri wa kwanza walitambua kwamba mtu anaweza kuwa mchapakazi na bado akawa maskini.

Lakini historia ya Leisnig haikuishia vizuri, nasi tusiifiche. Baraza la mji lilishikilia mali iliyopaswa kuingia katika sanduku, likakawia kuikabidhi. Luther alimwandikia mtawala wa Saksonia, Frederick, akiomba mpango uthibitishwe na kutekelezwa. Msukumo uliotakiwa haukupatikana, na sanduku likabaki na makaratasi mazuri na fedha kidogo. Kanuni zilihesabu kila kitu ndani ya sanduku, ila hazikuwa na nguvu juu ya watu waliopaswa kulijaza.

Kipande cha Tanga

Imani hii ilifikaje kwetu? Wamisionari wa chama kilichokuja kujulikana kama Misioni ya Bethel walifika Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata wakafungua kituo cha Mlalo katika milima ya Usambara. Kiongozi aliyekilea chama hicho kule Ujerumani, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, alijulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wa kifafa na watu wasio na makao. Alisisitiza sana kwamba maskini apewe kazi badala ya kupewa sadaka tu. Ni wazo lenye heshima ndani yake, kwa kuwa linamwona maskini kama mtu mwenye mikono na uwezo.

Lakini wazo la kazi lilipokutana na utawala wa kikoloni, lilichukua sura nyingine. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliuingiza mkonge katika nchi hii, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba ya walowezi yakaongezeka, na mashamba yalitaka watu. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, wanaume wa Usambara walilazimishwa kuwa na kadi ya kazi iliyowataka wamfanyie mzungu kazi ya ujira kwa siku 30 katika kila miezi minne. Kadi ile ndiyo iliyoitwa kipande.

Chini ya Waingereza, kipande kiliendelea katika mashamba ya mkonge kwa namna nyingine. Wazee wa Tanga wanakikumbuka. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako ilitiwa alama. Usipoimaliza, au ukiugua, siku hiyo haikuwepo. Ujira wa kipande ulitoka kadi ilipojaa. Maelfu ya watu waliandikishwa kutoka mbali, kutoka Kigoma, Njombe, Msumbiji na hata Rwanda na Burundi, wakaitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Wajukuu wao ni majirani zetu leo, na wengine ni washarika wetu.

Fikiria jinsi kadi ile ilivyopangwa. Kila siku ya mfanyakazi ilihesabiwa, na siku isiyo na alama ilikuwa hasara yake mwenyewe. Lakini yeye hakuwa na kadi ya kutia alama siku ambazo mwajiri alikaa na jasho lake kabla ya kulilipa. Agizo la Torati la kumlipa kibarua kabla jua halijazama, mle shambani lilikuwa limegeuzwa likawa jua 30, na pengine zaidi.

Uhuru ulikuja na ukoloni ukaondoka, lakini desturi ya kutohesabu siku za mlipaji haikuondoka pamoja nao. Sisi wa mpakani tunao mfano mwingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na mashirika mengine ya Jumuiya, ambao Tanga ilikuwa nao wengi, walibaki wakidai haki zao. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini Arusha makubaliano ya kugawana mali na madeni, pamoja na wajibu wa kuwalipa watumishi hao. Huku Tanzania madai hayo yalifika mahakamani mwaka 2003, na mapatano na Serikali yakafikiwa mwaka 2005. Tangu kuvunjika kwa Jumuiya ilikuwa imepita miaka 28. Katika miaka hiyo wengi walizikwa, na madai yakaendelezwa na wajane na watoto wao.

Mwaka 2020 mpakani

Sasa tulirudie dirisha letu. TASAF ilianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima pamoja na wananchi. Mwaka 2010 ilianza majaribio ya kuzipa kaya maskini ruzuku katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu, iliyobeba Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Ndani ya miaka michache mpango ulifikia kaya zipatazo milioni 1.1. Hilo ni jambo kubwa katika historia ya nchi yetu, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nimeona nyumba zilizoezuliwa makuti zikapigwa bati, kuku wawili wakazaa banda, na watoto wakapelekwa kliniki.

Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezeka kwa kaya yenye watoto wadogo au wanafunzi. Kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa haikuzidi shilingi 38,000. Mwenye nguvu za kufanya kazi aliingizwa pia katika ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijiji, kupanda miti, kwa shilingi 2,300 kwa siku, zisizozidi siku 60 kwa mwaka. Hivyo ni makosa kusema kwamba walengwa ni watu wanaokaa wakingoja kulishwa. Mama wa Horohoro anayepokea ruzuku ndiye huyo huyo anayelima muhogo, anayesuka makuti na anayevuka mpaka na beseni la bidhaa kichwani. Anafanya kazi, ila kazi haimtoshi.

Mpango ulikuwa na masharti pia. Mtoto alipaswa kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki kwa ratiba. Sharti lisipotimizwa, ruzuku ilipunguzwa. Ni masharti mema, maana yanamlinda mtoto. Lakini ona kwamba hapa tena siku zilizohesabiwa ni za upande mmoja. Mtoto akikosa shule, daftari la mahudhurio litasema. Dirisha likichelewa, hakuna daftari mkononi mwa mama linalomwezesha kumkata mtu yeyote kitu.

Kipindi cha kwanza kilifikia mwisho wake mwaka 2019. Ufadhili mpya, ukiwamo mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 450 ulioidhinishwa Septemba mwaka huo, ulipaswa kukamilishiwa taratibu. Kaya zilikuwa zimehakikiwa, na zaidi ya 73,000 zikaondolewa kwa kukosa sifa, wakiwamo watu waliokwisha kufa na watu wasio maskini. Uhakiki huo ulikuwa wa haki. Anayepokea fungu la maskini naye si maskini anavunja amri ya saba, na amri hiyo inamhusu pia kiongozi aliyemwandika. Tarehe 17 Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili jijini Dar es Salaam, kwa lengo la kufikia kaya zaidi ya zile za mwanzo.

Lakini kati ya mpango kwisha na mpango kuanza kuna nafasi, na maskini huishi ndani ya nafasi hiyo. Katika kipindi kile cha mpito malipo hayakufuata tena kalenda ya miezi miwili miwili. Na mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Shule zikafungwa. Tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania isipokuwa kwa mizigo. Malori yalipimwa na kupita Horohoro. Mama mwenye beseni hakupita.

Mwenye duka alikuwa na daftari la madeni, na ukurasa wa kila nyumba ukawa unajaa. Mkopo wa dukani hauna riba ya kuandikwa, ila una bei yake. Anayekopa hachagui kilo, hupewa kipimo cha mwenye duka. Anayedaiwa huuza mbuzi kwa bei ya mnunuzi. Kwa hiyo, fedha ya ruzuku hata ikija yote, pamoja na ile ya nyuma, haiwi fedha ile ile. Imekwisha kuliwa na kuchelewa kwake. Hii ndiyo sababu nasema kwamba gharama ya ucheleweshaji hulipwa na maskini, ingawa si yeye aliyechelewa.

Kosa letu wenyewe

Ningeweza kuishia hapa nikiwanyoshea kidole wengine, na washarika wangesema amina. Lakini nisipolisema letu nitakuwa nimeandika nusu ya historia.

Katika mwaka ule wa 2020 nilikuwa nahudumu katika usharika mmoja wa ukanda huu. Tulikuwa na fungu la diakonia. Halikuwa kubwa, ila lilikuwepo, na lilikuwa limechangwa na watu kwa ajili ya wahitaji. Mwezi wa Juni alikuja mama mmoja, mshiriki wetu wa siku zote. Biashara yake ya kuvuka mpaka ilikuwa imesimama, na fedha aliyokuwa akiitegemea haikuwa imefika. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa tena, na binti yake wa darasa la sita hakuwa na sare wala viatu, na nyumbani walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Aliomba shilingi 40,000.

Nilimwambia aandike barua. Aliiandika. Nikamwambia kamati ya diakonia itakaa. Kikao cha kwanza hakikutimia idadi, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa safarini. Cha pili kiliahirishwa kwa sababu ya msiba. Mjumbe mmoja alitaka tujiridhishe kwanza kama hana ndugu wa kumsaidia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekataa. Sote tulikuwa na nia njema, sote tulisema, "Tutampa." Kikao kilipokaa hatimaye, dua ilifunguliwa, muhtasari ukasomwa, na fedha ikapitishwa yote kwa dakika tano. Ilikuwa mwishoni mwa Julai.

Nilimpelekea mwenyewe nyumbani. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, Mchungaji. Mungu awabariki. Ila mtoto ameshaondoka."

Binti alikuwa amepelekwa Tanga mjini kufanya kazi za ndani. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu tarehe 29 Juni, naye hakuwa darasani. Mama hakulaumu. Aliuliza tu kama fedha ile anaweza kuitumia kupunguza deni la dukani, kwa kuwa sare haikuhitajika tena. Nilisema anaweza. Nilirudi nyumbani kwa pikipiki nikiwa na maneno ya Mithali 3 kichwani, yale ya kumwambia jirani arudi kesho, ambayo nilikuwa nimeyahubiri mwaka uliotangulia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma Katekisimu kwa jicho jingine. Luther anapofundisha juu ya amri inayokataza kuiba, katika Katekisimu Kubwa, anaonyesha kwamba wizi una mlango mpana kuliko tunavyodhani. Na anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anaingiza humo chakula, nyumba, serikali njema na majirani waaminifu. Mkate wa mama yule ulipitia mikononi mwetu. Tuliukalia wiki sita. Hatukuiba shilingi hata moja, na hesabu zetu zilikaguliwa zikaonekana safi. Kilichopotea hakikuwa na safu katika kitabu cha hesabu.

Tufanye nini

Baadaye tulikaa kama baraza la wazee na nikalieleza jambo hili kama lilivyotokea. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, alisema yeye haoni ajabu, kwa sababu anajua maana ya kuambiwa kila mwaka kwamba faili linashughulikiwa. Siku ile tulikubaliana mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa sababu yanawezekana katika usharika wowote, hata mdogo.

La kwanza, fungu la diakonia limewekewa siku. Kila Jumapili baada ya ibada, wasimamizi watatu hubaki, awe amekuja mhitaji au hakuja. Hilo tumelichukua kwa Leisnig moja kwa moja.

La pili, sehemu ya fungu haingojei kikao. Mwinjilisti wa mtaa na wazee wawili wanaweza kutoa kiasi kidogo kilichowekewa kikomo ndani ya siku tatu, kisha wakatoa hesabu yake mbele ya kamati. Uhakiki unaendelea, lakini unaendelea huku mtu akiwa amekula.

La tatu, kila ombi linaandikwa tarehe mbili katika daftari: siku lilipoletwa na siku lilipojibiwa. Kila robo mwaka mtunza hazina husoma mbele ya baraza siku zilizopita kati ya tarehe hizo mbili, sambamba na mapato na matumizi. Mara ya kwanza aliposoma tulitazama chini. Sasa siku zimepungua.

Jambo la tatu ndilo ningependa tulipeleke hata nje ya kanisa. Mipango ya kuwasaidia maskini itaendelea kuwa na vipindi, na kila kipindi kitakwisha na kingine kuanza. Tunao washarika walio watendaji wa vijiji, maofisa wa halmashauri, walimu, wajumbe wa kamati za jamii. Tunao majirani Waislamu ambao wana uchungu huo huo na ambao wanafundishwa pia kutomcheleweshea kibarua ujira wake. Tunaweza kuuliza pamoja, kwa heshima na bila woga, katika mkutano wa kijiji: kipindi hiki kikiisha, tarehe ya malipo ya kwanza ya kipindi kijacho ni ipi? Na ikibadilika, nani atakuja kutuambia, na watu watakula nini katikati? Kuuliza hivyo si uasi. Walionung'unika Yerusalemu waliuliza jambo hilo hilo, na mitume wakasikia.

Binti yule alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 2021, akarudia darasa la sita akiwa mkubwa kuliko wenzake. Mama yake bado ni msharika wetu. Baraza lilimwomba awe mmoja wa wale watatu wanaobaki kila Jumapili baada ya ibada, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba daftari la tarehe mbili alishike yeye.